Kati ya Ajali na Hiari

Kiswahili kilipolipokea neno ajali kutoka Kiarabu, kililibebesha mizigo miwili inayovutana. Katika Kiarabu, ajal ni muda uliopangwa, hasa ule unaoufunga uhai wa kila kiumbe, na kwa hiyo ni jambo lililokwisha kuandikwa kabla halijatukia. Katika Kiswahili cha leo ajali ni gari kupinduka, mashua kuzama au nyumba kushika moto, yaani jambo ambalo hakuna aliyelipanga wala kulitazamia. Msemo kwamba ajali haina kinga husikika baada ya kila msiba wa barabarani, na anayeusikia anaweza kuuelewa kwa maana yoyote kati ya hizo mbili bila kuhisi tofauti: haina kinga kwa kuwa imeandikwa, au haina kinga kwa kuwa haina mpango. Linalostahili kuangaliwa ni kwamba, msemo huo ueleweke vyovyote vile, mja hana nafasi ndani yake, kwa sababu aliyeandikiwa hakuchagua, na aliyefikwa na jambo lisilo na mpango hakuchagua vilevile.

Katika mkanganyo huo ndimo linamokaa swali la utashi huru, yaani uwezo wa binadamu wa kuamua jambo kwa namna ambayo uamuzi ni wake kweli, na ambayo angeweza kuamua vingine. Kwa karne nyingi swali hilo liliulizwa kana kwamba hiari ina adui mmoja tu, naye ni ulazima, itikadi isemayo kwamba kila tukio limezaliwa na matukio yaliyolitangulia kwa namna isiyoacha upenyo, hivi kwamba hali ya ulimwengu wa jana ikishajulikana yote, ya kesho imekwisha kuamuliwa. Fizikia ya karne ya 20 ilipoanza kuonyesha kwamba maumbile yenyewe yana upenyo, na kwamba yapo matukio yasiyolazimishwa na lolote lililotangulia, walikuwapo waliofurahi wakidhani kwamba hiari imeokolewa. Makala haya yanashikilia kwamba uokozi huo ni wa nusu tu, na kwamba nusu iliyobaki haipatikani katika fizikia hata kidogo. Mahali pazuri pa kulipimia dai hilo ni Kaskazini Mashariki mwa Kenya, katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ambako watu wameishi na yasiyotabirika kwa muda mrefu kiasi cha kutengeneza vyombo vyao vya kutenganisha kilichotokea na kilichotendwa.

Mwaka wa mfugaji wa Kisomali una majira manne: Gu', mvua za Aprili hadi Juni, Hagaa, ukavu wenye upepo unaofuata, Deyr, mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, na Jilaal, ukavu mkali wa Januari hadi Machi, ambao ndio unaowapima watu na wanyama. Majira hayo yana majina lakini hayana miadi. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2.5 ikafa nchini Kenya. Kisha Deyr ya mwaka 2023 ikaja na El Niño pamoja na joto lisilo la kawaida katika upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, Mto Tana ukavunja kingo zake, na barabara kati ya Garissa na Madogo ikakatwa na maji katika nchi ambayo miezi michache kabla mizoga ya ng'ombe ilikuwa bado imelala kando ya njia. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wake wa msimu kwa lugha ya uwezekano, ikisema mvua inaelekea kuzidi au kupungua wastani, na mfugaji anayeusikia utabiri huo redioni anajua fika kwamba hakuahidiwa kitu.

Hata hivyo, kutotabirika si sawa na kutolazimika, na wengi wanaoandika juu ya hiari huteleza hapo. Mwanahisabati wa Ufaransa Pierre-Simon Laplace aliandika mwaka 1814 kuhusu akili moja kubwa ambayo, kama ingejua mahali na mwendo wa kila kitu katika ulimwengu pamoja na nguvu zote zinazovisukuma, isingekuwa na lolote la kubahatisha, kwa kuwa wakati ujao ungekuwa mbele ya macho yake kama uliopita. Kwa akili ya namna hiyo mvua ya Garissa ingekuwa na miadi. Mnamo 1961 mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz, huko Marekani, aliiingizia kompyuta namba 0.506 badala ya 0.506127 akidhani kwamba tofauti hiyo haina maana, na anga ya kihesabu aliyokuwa akiichunguza ikaenda njia nyingine kabisa. Makala aliyoyachapisha mwaka 1963 yalionyesha kwamba mfumo unaweza kufuata kanuni zisizo na upenyo wowote na bado ukawashinda wanaoutabiri, kwa sababu kosa dogo la kipimo hukua mpaka likameza hesabu yote. Yawezekana basi kwamba wingu linaloipita Wajir na kwenda kumwaga maji kwingine halina uhuru wowote, bali wanadamu ndio wasiojua. Ujinga wetu juu ya kesho hauifanyi kesho kuwa wazi.

Uwazi wa kweli, ikiwa upo, unapatikana katika vitu vidogo zaidi, na kimojawapo kimo katika kikombe cha maziwa ya ngamia. Maziwa yote yana madini ya potasiamu, na sehemu ndogo sana ya madini hayo, kama atomi moja katika kila elfu nane na mia tano hivi, ni ya aina isiyotulia iitwayo potasiamu-40, ambayo atomi zake huvunjika zenyewe na kutoa mionzi. Katika lita moja ya maziwa huvunjika makumi kadhaa ya atomi hizo kila sekunde, bila madhara kwa mnywaji, ambaye naye mwili wake una maelfu ya mivunjiko ya namna hiyo kwa sekunde. Wanasayansi wanajua kwa uhakika mkubwa kwamba nusu ya atomi hizo zitakuwa zimevunjika baada ya miaka bilioni 1.25, lakini juu ya atomi moja, kwa nini ivunjike sasa na jirani yake iliyo sawa nayo kwa kila hali ingoje miaka bilioni, fizikia ya kwantumu, kama ilivyofasiriwa na wengi tangu kazi za Max Born mwaka 1926 na Werner Heisenberg mwaka 1927, hujibu kwamba hakuna kwa nini. Wapo wasiokubali jibu hilo, na David Bohm aliandika mwaka 1952 namna ya kuisoma fizikia hiyohiyo kwa ulazima mtupu; mjadala huo haujafungwa, wala hauhitaji kufungwa hapa. Na ichukuliwe, kwa ajili ya hoja, kwamba wengi wamepatia, kwamba maumbile yana upenyo, na hata kwamba upenyo huo unafika katika ubongo wa binadamu na kuugusa uamuzi wake. Je, amepata nini?

Epikuro wa Ugiriki ya kale, aliyeamini kwamba vitu vyote vimeundwa kwa chembe zinazoanguka katika utupu, anasemwa na wafuasi wake kwamba aliziruhusu chembe hizo zipinde njia kidogo bila sababu, ili mnyororo wa ulazima ukatike na viumbe wapate hiari. Waliompinga waliona upungufu wake mapema, na Mskoti David Hume aliukaza katika kitabu chake cha mwaka 1748: kitendo kisichotoka katika tabia, nia na mapenzi ya mtendaji hakiwezi kumletea sifa wala lawama, kwa kuwa hakina mizizi ndani yake. Chembe ikipinda bila sababu katika kichwa cha mtu na mkono wake ukainuka, mtu huyo hakuuinua mkono, mkono umemwinukia. Mtego basi una meno pande zote mbili: kilicholazimishwa si changu, na kisicholazimishwa na chochote, hata na mimi, si changu pia, kama asemavyo kila anayejitetea mbele ya hakimu.

Mfano wa hakimu una uzito kuliko unavyoonekana, kwa sababu sheria ya Kenya imeuchukua upande wa Hume bila kumtaja. Kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinaeleza kwamba mtu hawajibiki kijinai kwa kitendo kilichotokea pasipo matumizi ya utashi wake, wala kwa tukio lililotokea kwa ajali, ukiacha mambo ya uzembe ambayo yamewekewa masharti yake. Mambo hayo mawili yamewekwa pamoja katika sentensi moja, na kuwekwa pamoja kwao ni falsafa kamili: bahati nasibu haiko upande wa uhuru, iko upande wa kusukumwa. Wakili anayethibitisha kwamba tukio halikuwa na mpangilio hamwongezei mteja wake hiari, bali anamwondoa kizimbani.

Fikihi ya Kiislamu, ambayo husikika katika vikao vya wazee wa Garissa, ilikwisha kufika hapo karne nyingi kabla. Kuua kwa kukusudia na kuua kwa kukosea ni milango miwili tofauti: wa kwanza unawafungulia warithi haki ya kisasi, msamaha au fidia, na wa pili unaishia katika fidia na kafara. Fidia hiyo ni diya, ambayo Wasomali huiita mag, na kipimo chake cha asili ni ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke, kipimo ambacho tofauti yake wengi leo wana haki ya kuihoji. Mzigo wa diya ya makosa, kwa mujibu wa fikihi, hubebwa na jamaa wa aliyekosea, si yeye peke yake, ilhali mila ya Kisomali imeupanua utaratibu huo hata kwa aliyekusudia, ukoo mzima ukachangia ngamia. Na kwa hilo la pili panaweza kusemwa kwamba mila imempunguzia muuaji uzito wa hiari yake kwa kuugawa miongoni mwa watu waliokuwa wamelala kitendo kikitendeka. Lakini kwa lile la kwanza kuna hekima isiyo na dosari. Ajali ni ya wote kwa sababu si ya mtu, na kinachotoka katika nasibu hugawanywa kama mvua inavyogawanywa, kwa mwenye kukipata na asiyekipata.

Chombo cha tatu, baada ya sheria na fikihi, ni kipya. Mwaka 2013 kampuni ya bima ya Kiislamu, takaful, ilianza huko Wajir bima ya mifugo iliyobuniwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo yenye makao Nairobi pamoja na washirika wake, baada ya jaribio lililotangulia Marsabit mwaka 2010, na mwaka 2014 wafugaji wa Wajir wakalipwa fidia ya kwanza. Bima hiyo haihesabu mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa malisho katika eneo zima, na ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichoafikiwa, kila aliyechangia hulipwa, awe amepoteza ngamia au hakupoteza. Sababu yake ni ya kibiashara, kwa kuwa hakuna wa kuzunguka nyika yote akihesabu mifupa, lakini ndani yake mna fikra ambayo mwanafalsafa angejivunia: mfugaji aliyehamisha mifugo mapema na mfugaji aliyezembea wanalipwa sawasawa, kwa sababu kinacholipwa ni kile tu ambacho mkono wa mtu hauwezi kukifikia, na kila kilichobaki juu ya fidia, ngamia aliyepona au aliyekufa, ni hesabu ya mwenyewe. Mkataba umechora mstari kati ya ajali na hiari, na umeuchora angani.

Vyombo vyote vitatu vinakubaliana kwamba nasibu si uhuru. Wanaotaka kuuona utashi huru ukichipuka moja kwa moja katika mtikisiko wa chembe wanashindana na mahakama, kadhi na bima kwa pamoja.

Itasemwa kwamba mjadala huu wote ni wa kigeni kwa jamii inayoamini kadari, yaani kwamba heri na shari vyote vimekadiriwa na Mwenyezi Mungu. Anayesema hivyo hajui jinsi wanazuoni wa Kiislamu walivyogombana juu ya jambo hili tangu karne ya kwanza ya Hijra. Jahm bin Safwan, aliyeuawa mwaka 746, alinasibishwa na kauli kwamba mja hana kitendo isipokuwa kama jani linavyopeperuka. Wamuutazila, kundi jingine la wanazuoni, walisema kinyume, kwamba mja ndiye muumba wa matendo yake, la sivyo adhabu ingekuwa dhuluma. Na Abul-Hasan al-Ash'ari, wa Basra, aliyefariki katika miaka ya 930, akatafuta njia ya kati aliyoiita kasb, yaani uchumi: Mungu huumba kitendo, na mja hukichuma kikawa chake. Njia hiyo, iliyofundishwa kwa karne nyingi Usomalini na katika mwambao wa Waswahili pamoja na madhehebu ya Shafi, ilikuwa nyembamba kiasi kwamba Waarabu walifanya kasb ya al-Ash'ari kuwa mfano wa jambo lisiloshikika. Lakini wafuasi wake ndio waliokataa, mapema kuliko mwanafizikia yeyote, kwamba maumbile yana ulazima wa kwao wenyewe. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alishikilia kwamba pamba haiunguzwi na moto kwa lazima, bali kuungua huumbwa kila pamba inapokutana na moto, na Mungu angeweza kutokuumba. Ulimwengu wa al-Ghazali una upenyo kila mahali, na bado hakuna aliyedai kwamba upenyo huo ndio hiari ya mja. Uchumi wa kitendo ulitafutwa kwingine.

Mahali pa kuutafuta panaonyeshwa na kisa mashuhuri cha Khalifa Umar, aliyekuwa njiani kuelekea Sham karibu mwaka 639 alipopata habari kwamba tauni imeingia huko. Alipoamua kurudi, kamanda wake Abu Ubayda alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuielekea kadari ya Mungu, kisha akatoa mfano ambao ungeeleweka papo hapo katika kisima chochote cha Wajir: mtu mwenye ngamia akiteremka katika bonde lenye kingo mbili, moja yenye malisho na nyingine kame, atakakolisha ni kadari huku na huku, na bado hakuna mwenye akili atakayelisha upande mkame. Umar hakuthibitisha kwamba kesho iko wazi. Alichofanya ni kulihamisha swali, kutoka kuuliza kilichoandikwa hadi kuuliza ni kwa sababu gani mtu anakwenda anakokwenda.

Kuhamisha huko ndiko kunakolitegua tatizo la nasibu, na mfano wa jiwe waweza kulionyesha. Mchungaji amekasirika kisimani, analirusha jiwe ili alipasue dumu la maji la mwenzake, na upepo unavuma. Kama jiwe litafika au litapotea ni jambo ambalo, na ichukuliwe hivyo, hata ulimwengu wenyewe haujaamua. Jiwe likifika na dumu likapasuka, mchungaji hawezi kuwaambia wazee kwamba ni bahati, kwa kuwa kilichotokea ndicho alichokuwa akijitahidi kitokee. Mchungaji wa pili analirusha jiwe lilelile, katika upepo uleule, kumfukuza fisi, na linampata mtoto aliyekuwa nyuma ya kichaka. Huyu ana ajali, na jamaa zake watakaa chini ya mti kuhesabu ngamia. Upenyo wa maumbile ni mmoja katika visa vyote viwili. Kinachovitofautisha ni kama tokeo linaitikia nia na sababu za mtendaji, au linazipita kando.

Mwanafalsafa wa Marekani Robert Kane, katika kitabu alichokitoa mwaka 1996, alijenga juu ya wazo la namna hiyo nadharia kamili ya hiari katika ulimwengu usio na ulazima. Kwa maoni yake zipo nyakati ambapo mtu amegawanyika ndani, anataka mambo mawili yasiyopatana na ana sababu zake za kweli kwa kila moja, na mvutano huo wenyewe ndio unaoufungua uamuzi. Lolote litakaloshinda, mtu atakuwa amefaulu katika jambo alilokuwa akijitahidi kulitenda, na kwa hiyo ni lake, hata kama halikulazimishwa. Peter van Inwagen, ambaye ni mtetezi wa utashi huru, ametoa pingamizi kali dhidi ya matumaini hayo: Mungu akiurudisha ulimwengu mara elfu mpaka ulipokuwa kabla ya uamuzi, kila kitu kikiwa vilevile, na mtu akaamua hivi mara mia saba na vile mara mia tatu, basi mtazamaji hataepuka kuona kwamba mara hii moja tunayoijua ilikuwa bahati.

Pingamizi hilo linastahili kupimwa mbele ya jambo lililotendeka. Tarehe 21 Desemba 2015 wapiganaji wa al-Shabaab waliliteka basi lililokuwa likielekea Mandera, karibu na El Wak, wakawataka abiria wajitenge, Waislamu huku na wasio Waislamu kule. Kila aliyekuwa ndani alijua maana ya amri hiyo, kwa kuwa tarehe 22 Novemba mwaka uliotangulia, katika kaunti hiyohiyo, abiria 28 waliotengwa kwa namna hiyo waliuawa, na Aprili 2015 watu 148 walikuwa wameuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Abiria Waislamu walikataa kutengana na wenzao. Wanawake walikuwa wamewapa wenzao mitandio ili wasitambulike, na washambuliaji wakaambiwa wawaue wote au wawaache wote. Mmoja wa waliokataa, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi na kufariki Nairobi tarehe 18 Januari 2016.

Wenye itikadi ya ulazima watasema kwamba kukataa huko kulikuwa kumekwisha kuamuliwa tangu ulimwengu ulipokuwa bado moshi, na kwamba mwalimu alikuwa mfereji ambamo maji yalipita. Wenye nasibu tupu watasema kwamba chembe zilipinda vizuri siku hiyo. Kauli zote mbili zinashindwa kugusa lililo wazi zaidi, nalo ni kwamba abiria wale walikuwa na mwaka mzima nyuma yao. Mapema mwaka 2015 walimu wengi wasio wenyeji walikuwa wamekataa kurudi Kaskazini Mashariki kwa hofu, shule zikabaki bila walimu, na jambo la nani anauawa kwa jina la nani lilikuwa limezungumzwa misikitini, majumbani na kwenye vituo vya basi. Aliyeingia garini Desemba alikuwa amekwisha kujijibu maswali kadhaa, au amekwisha kuyakwepa. Hata kama Mungu angeurudisha ulimwengu mara elfu, na hata kama hofu ingemshinda mmoja au mwingine mara kadhaa, mara zile za kukataa zisingekuwa bahati, kwa sababu katika kila moja ya hizo aliyekataa angekuwa na sababu zilezile alizozitengeneza mwenyewe kwa muda mrefu, na angelipa kwa mwili wake. Van Inwagen anahesabu mara. Hahesabu kilicho ndani ya kila mara.

Hapo ndipo makala haya yanapotofautiana kidogo na Kane pia, ambaye anaupa uzito mkubwa mno ule mtikisiko wa dakika ya uamuzi. Hiari ikitafutwa katika dakika hiyo peke yake itaonekana daima kama sarafu iliyorushwa. Inaonekana vizuri zaidi ikitazamwa kwa urefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wajir ilikuwa imeingia katika mauaji ya koo, ambamo kila mauaji yalizaa mengine kwa usahihi ambao Laplace angeupenda, na mtabiri yeyote angeweza kusema nani anafuata. Kikundi kidogo cha wanawake, akiwamo Dekha Ibrahim Abdi, aliyekuja kupewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, kilianza sokoni, kwa kukubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote auze na kununua bila kusumbuliwa, na kutoka hapo kikawavuta wazee mpaka lilipopatikana azimio la amani la Al-Fatah mwaka 1993. Hakuna dakika moja ambayo mtu anaweza kuionyesha na kusema kwamba hapa mnyororo ulikatika. Ulilegezwa kwa vikao.

Upenyo wa maumbile, basi, una kazi gani? Wako wanafalsafa wapatanishi, wanaoitwa hivyo kwa kuwa wanaona hiari inapatana na ulazima, ambao watajibu kwamba hauna kazi yoyote, maadamu mtu anatenda kwa sababu zake. Jibu hilo linajitosheleza kuliko inavyofaa. Wasomali wana desturi ya sahan, ambayo ni kutuma watu wachache watangulie mbele ya kambi kuchunguza wapi mvua imenyesha, majani yakoje na nani amekwisha kufika, kabla familia haijavunja makao na kupakia ngamia. Mzee anayepokea habari za sahan anafanya kazi kwa dhana kwamba uamuzi wa leo jioni haujawa bado, na kwamba mashauri yake ni sehemu ya kuufanya uwe. Mpatanishi anaweza kumwambia kwamba mashauri hayo ni ya kweli hata kama yalikuwa yamepangwa, na hakuna mantiki itakayomzuia. Lakini atakuwa amemwambia pia kwamba ule upande wa pili wa bonde haukuwahi kuwa njia, ulikuwa mchoro. Ulimwengu usio na ulazima unaacha pande mbili za bonde ziwe pande mbili. Hauchagui kwa niaba ya mtu, wala haumpi sababu ya kuchagua. Unaondoa tu ukuta ambao, kama ungekuwapo, ungeyafanya mashauri yote kuwa maigizo. Hiyo ndiyo nusu ambayo fizikia inaweza kuitoa. Nusu ya pili hutolewa na sahan, na kikao, na mwaka mzima wa kujiuliza.

Nusu hiyo ya pili inaweza kunyimwa watu, na pengine hilo lilistahili kutajwa kabla ya atomi. Dola inaweza kuishi na raia wake kana kwamba ulazima ni kweli, kwa kumpima mtu kwa nasaba yake na kuyadhania matendo yake kutokana na ukoo wake, kama Wasomali wa Kenya walivyopimwa katika zoezi la uchunguzi wa uraia la mwaka 1989, na kama vijana wa kaunti hizi walivyoendelea kuhojiwa zaidi ya wengine kila walipoomba kitambulisho, mpaka Rais William Ruto alipotangaza huko Wajir, Februari 2025, kwamba uchunguzi huo wa ziada umeondolewa.

Kipo kisa kimoja ambacho tangazo hilo peke yake haliwezi kukimaliza. Kambi za Dadaab, katika Kaunti ya Garissa, zilianzishwa mwaka 1991 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Somalia, na katika miaka ya ukame wananchi wa Kenya waliozizunguka, wakiona upande wa pili wa ua kuna unga, shule na dawa ambavyo upande wao havipo, waliingia na kujiandikisha kuwa wakimbizi, wao pamoja na watoto wao. Miaka ikapita, watoto wakafika umri wa miaka 18, wakaenda kuomba vitambulisho vya taifa, na mashine ikawatambua kuwa wageni; maelfu walibaki hivyo kwa muda mrefu, hawawezi kusajili simu, kufungua akaunti ya benki wala kupiga kura. Mzazi aliyeingia kambini hakulazimishwa na mtu, na ukame haukumshika mkono. Alikuwa na sababu, na kwa kipimo kilichotumiwa na makala haya kitendo kilikuwa chake, ingawa bonde lake wakati huo lilikuwa na upande mmoja tu wenye majani. Kwa mtoto halikuwa hata hilo. Jambo hilo halikuwa kusudi lake wala ajali yake, halina ngamia wa kulilipia wala kifungu cha 9 cha kulifuta, na mfumo wa alama za vidole hauna mahali pa kuandika ni nani aliyeushika mkono ule mdogo akauweka juu ya kioo.